Risasi tatu hazimpi mtu namba

Shabiki wa soka anaujua ugonjwa huu. Straika kafunga mabao mawili mechi ya kirafiki, basi mtaa mzima unataka aanze Jumamosi. Ugonjwa huohuo upo kwenye mchezo wa shabaha, tena kwa watu wanaopima vitu vyao hadi sehemu ya mia ya milimita.

Nazungumzia F-Class, mchezo wa bunduki ulioanzia Kanada. Wanapiga hadi yadi 1,000, yaani mita 914, karibu viwanja tisa vya mpira ukivipanga kwa urefu. Duara la pointi zote lina upana wa sentimita 25 hivi. Weka mpira hapo katikati uone nafasi inayobaki. Ndiyo maana wengi wao hujaza risasi wenyewe: ganda, fataki, baruti, halafu kichwa.

Ubishi ni kichwa kizame kiasi gani kwenye ganda. Kikizama zaidi, kinasafiri zaidi kabla ya kugusa mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayokizungusha. Umbali huo ukibadilika kidogo tu, matundu kwenye shabaha yanaweza kukusanyika au kutawanyika. Hapo sibishi.

Ninachobisha ni ushahidi. Mtu anajaribu vipimo vitano, kila kimoja risasi tatu, anaona matundu matatu yamegusana, anatangaza eti kapata! Jamani, risasi tatu hukaa pamoja hata kwa bahati. Apige tano, arudie siku nyingine, na nyingine tena, bila kugusa kiasi cha baruti. Ukibadilisha baruti na kina kwa mpigo, umefanya kama kocha aliyebadili kipa na mfumo siku moja: ushindi kauleta nani? Na anayesogeza kichwa hadi kiguse mifereji apunguze baruti kwanza, maana presha inapanda na bunduki si ya kutaniwa.

Halafu mtutu wenyewe unalika. Moto wa baruti unakula mwanzo wa mifereji, umbali unaongezeka, kipimo cha mwanzo wa msimu kinachuja taratibu. Kwa hiyo anayekimbizana na nukta moja simwelewi. Mimi ningechukua kipimo ambacho hata ukikisogeza kidogo huku na huku, matundu bado yanakaa pamoja, hata kama hakijawahi kutoa ile karatasi ya kupigia picha.