Nani Anaiamsha Simu Yangu Usiku?

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila umeme unapoanza kusumbua huku Kusini: mbinu kumi za kutunza chaji. Punguza mwanga wa kioo. Zima GPS. Zima data kama huitumii. Futa programu usizozihitaji. Nimeshatumiwa na shangazi yangu, na mwalimu wangu wa sekondari, na kijana anayeuza vocha karibu na stendi ya Nachingwea. Wote wana nia njema. Naupinga ujumbe huo kwa sababu umempandisha kizimbani mtu asiyehusika.

Usome tena. Kila sentensi inamwamrisha mwenye simu. Yeye ndiye mfujaji, yeye ndiye ajirekebishe. Hakuna hata mstari mmoja unaouliza simu inafanya nini wakati mwenyewe amelala.

Na jibu lipo. Simu nyingi tunazonunua ni za Android, na kiini cha Android ni Linux, programu huria ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kioo kikizimwa, simu inatakiwa ilale. Programu ikitaka isilale, inaomba kibali cha kukesha: subiri, namalizia kupakua, subiri, natuma taarifa. Google walipoupeleka utaratibu huo kwa wasimamizi wa Linux, mwaka 2009 na 2010 yalizuka mabishano makali. Upande mmoja ulisema programu mbovu zitengenezwe upya, si kupewa vibali. Upande wa pili ulijibu kwamba huwezi kumwamini kila mwandishi wa programu duniani, kwa hiyo lazima awepo bawabu. Mabishano yale yalifanyika hadharani, na bado yanasomeka. Swali la nani aruhusiwe kula chaji yako usiku lilijadiliwa mbele ya watu, kisha likafika kwetu likiwa ndani ya boksi lililofungwa.

Nasema limefungwa kwa sababu nimelifungua. Nina simu ya mtumba. Siku moja niliiunganisha na kompyuta, nikaandika amri ya dumpsys batterystats, nikasoma orodha ya walioiamsha usiku kucha. WhatsApp ilikuwemo, lakini chini. Juu yake kulikuwa na duka la programu la mtengenezaji, kisomaji cha habari ambacho sijawahi kukifungua, na programu inayojiita kisafishaji. Sikuziweka mimi, na kitufe cha kuzifuta hakikuwepo. Hiyo mbinu ya kufuta programu usizozihitaji hapa inafanyaje kazi? Baadaye niliondoa mfumo wa kiwandani nikaweka LineageOS, mfumo huria unaojengwa na watu wa kujitolea. Betri ni ileile na kioo ni kilekile, ila sasa nikilala saa nne nikaamka alfajiri, naikuta simu karibu pale nilipoiacha.

Watengenezaji watasema na wao wanatunza chaji. Kweli wanatunza, na ndiyo inayonikera zaidi. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyolala huzibana programu na kuzipa nafasi ya kuamka kwa vipindi. Wazo zuri. Lakini ujumbe wa haraka unaoruhusiwa kuiamsha simu katika hali hiyo kwa kawaida hupitia seva za Google, kwa hiyo programu huria isiyotaka kupita huko inasubiri foleni. Juu ya hapo baadhi ya watengenezaji wakaongeza bawabu wao, anayeua programu zinazofanya kazi kwa nyuma bila kuuliza. Alamu haiiti. Ujumbe uliotumwa saa moja unaingia saa tatu, ukishika simu mkononi. Anauawa mgeni niliyemwalika, na asiyealikwa anaendelea kula.

Bibi mmoja niliyemkuta kwenye banda la kuchajia simu alilisema vizuri kuliko mimi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hivi simu nayo inaingia mchwa? Hii yangu naiacha nzima, asubuhi naikuta imeliwa ndani kwa ndani." Fundi akacheka, akamwambia betri imechoka, anunue nyingine. Pengine imechoka kweli. Lakini hakuna aliyeangalia. Fundi mwenyewe hana namna ya kuangalia haraka, kwa hiyo anauza anachokiona, na anachokiona ni betri.

Mtu wa Masaki akiishiwa chaji anatafuta soketi. Huku kwetu hesabu ni nyingine. Vijijini, ukielekea Kilimarondo, wapo wanaotegemea sola ndogo ya juu ya bati au banda la mtu, na kila chaji ina bei. Mnara ukiwa mbali, modemu ya simu hupaza sauti ili isikike, na kupaza sauti ni kula betri. Simu iliyowekwa itafute 4G mahali ambapo 4G inakuja na kuondoka hushinda ikihangaika, wakati ungeiambia ibaki 2G ingetulia. (Mbinu hii haimo kwenye zile kumi. Ujumbe ule uliandikwa na mtu anayeishi chini ya mnara.) Halafu ndiyo huja msimu wa korosho. Mnada wa RUNALI umepita, fedha za wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale zinaingia benki, na mtu anasubiri ujumbe mmoja tu wa kumwambia apande bodaboda kwenda mjini au asipoteze nauli. Simu ikizima usiku huo, hasara yake inahesabika kwa shilingi.

Na kuna kejeli ya kikatili. Gesi ya Mnazi Bay iko Mtwara, ya Songo Songo iko Lindi. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kuhusu bomba la kuipeleka Dar es Salaam, na damu ikamwagika. Leo sisi tunaokaa jirani na visima ndio tunaofundishana kuhesabu asilimia.

Wapo wanaonijibu: basi tumia kitochi, kinakaa wiki. Hata mimi ninacho. Lakini jaribu kuomba mkopo wa HESLB kwa kitochi, au kujaza maombi kwenye Ajira Portal. Dunia imeshahamishia milango yake kwenye simujanja, halafu inatushauri tusizitumie.

Jibu la pili lina uzito zaidi, na wanaolitoa wanajua wanachosema: hizo simu huria zenyewe zinakula chaji kuliko zote. Ni kweli kwa sehemu. PinePhone, simu ya Linux iliyoanza kuwafikia wapenzi wake mwaka 2020, mwanzoni ilikuwa aibu. Haikumaliza hata siku. Lakini angalia kilichofuata. Kwa kuwa kila kitu kilionekana, watu waliona kwamba prosesa hailali sawasawa, wakaandika Crust, programu ndogo inayokaa kwenye prosesa msaidizi na kuilaza ile kubwa, huku modemu ikibaki macho kusubiri simu. Muda wa kukaa na chaji ukaongezeka sana, kwenye kifaa kilekile, bila mtu kununua kipya. Betri yake unaitoa kwa kucha. Chini ya mfuniko kuna swichi sita ndogo za kuzima modemu, Wi-Fi, kamera na maikrofoni kabisa, si kwa kuomba. Simuuzii mtu PinePhone. Hata mimi sina, na fundi wa Nachingwea hana kipuri chake. Nasema tu kwamba ugonjwa unaoonekana hutibiwa.

Huku Nachingwea tunapaswa kuwa wa mwisho kudanganyika na mashine zilizoamuliwa mbali. Hapa ndipo Waingereza walipoleta Mpango wa Karanga baada ya vita, wakatia bandari na reli kutoka Mtwara, bila kuusikiliza udongo. Mwaka 1951 waliufunga, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimepotea, na reli yenyewe ikafungwa miaka ya 1960. Hakuna aliyemwambia mkulima wa hapa kwamba karanga zimegoma kwa sababu hakupunguza mwanga.

Kwa hiyo madai yangu hayaendi kwa shangazi. Leseni ya Linux inamtaka anayeuza kifaa chenye kiini hicho ampe mnunuzi msimbo wake, na watengenezaji wengi wa simu za bei nafuu hawafanyi hivyo. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unadai betri ya simu ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800, na vipuri vipatikane. Kwetu TCRA ndiyo inayoidhinisha vifaa vya mawasiliano, na mwezi Juni 2016 ilizima simu bandia nchi nzima; tuliona kwamba ikiamua, inaweza. Kama ina nguvu ya kuizima simu niliyonunua, ina nguvu ya kumlazimisha aliyeniuzia aniachie nifute kisomaji chake cha habari.

Sidai kila mtu ajifunze amri za kompyuta. Namtaka fundi wa banda lile aweze kumwonyesha yule bibi, kwa Kiswahili, orodha ya walioiamsha simu yake jana usiku, na aruhusiwe kuwafukuza. Na kwenye boksi, pale palipoandikwa mAh 5000 kwa herufi nene, uongezwe mstari mmoja: mwenye simu anaweza kuondoa programu za kiwandani na kuweka mfumo mwingine, ndiyo au hapana.