Afya Nyumbani: Maumivu Yakinyamaza Si Kupona



Katika mtaa wetu wa Daraja Mbili, hapa mjini Arusha, yupo baba mmoja ambaye jina lake hatutalitaja. Kwa muda wa miaka miwili aliumwa chini ya chembe cha moyo, na maumivu yakamwamsha usiku. Akaenda dukani, akanunua omeprazoli, akameza siku tatu, maumivu yakatulia, akaacha. Yaliporudi, akanunua tena. Wakati huo huo goti lilimsumbua, naye akawa akimeza diklofenaki kila jioni atokapo kazini. Asubuhi moja aliona choo chake kimekuwa cheusi kama lami, na aliposimama akashikwa na kizunguzungu, akaanguka. Majirani wakamchukua hospitalini, akaongezwa damu. Alipona, nasi twashukuru. Walakini jambo hilo limetufundisha neno ambalo twapenda kila nyumba ilisikie.

Tumbo la mtu hutoa maji makali yaitwayo asidi, ili yasage chakula na kuua vijidudu. Asidi ikipanda juu kuelekea kooni, mtu huona kiungulia. Ikigusa mahali palipochubuka ndani ya tumbo, ndipo maumivu ya kidonda. Basi dawa za kazi hii ni za namna mbili. Ya kwanza ni vidonge vya kutafuna vya magnesiamu, ambavyo hutuliza asidi iliyopo. Nguvu zake huja upesi na kwisha upesi. Ya pili ni omeprazoli na wenzake, ambazo hupunguza asidi isitoke nyingi. Hizi hazina haraka. Huchukua siku chache hata nguvu zake zitimie. Humezwa nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi, kwa maji, wala hazitafunwi, maana dawa iliyomo imefunikwa isiharibiwe na asidi kabla ya kufika mahali pake.

Lakini angalieni: kupunguza asidi si kuondoa kisa cha kidonda. Zamani hata madaktari walidhani vidonda vya tumbo huletwa na mashaka ya moyo na pilipili. Mwaka 1982, huko Perth katika Australia, Robin Warren na Barry Marshall walitambua bakteria waishio tumboni, ambao leo huitwa Helicobacter pylori. Watu hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao yeye mwenyewe, tumbo lake likavimba ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo mwenye kidonda cha namna hiyo hupewa antibiotiki pamoja na dawa ya asidi, mara nyingi kwa siku 14, naye hana budi kuzimaliza zote. Akiacha katikati kwa sababu ameona nafuu, bakteria waliobaki huzoea dawa. Tena, aendaye kupimwa na amwambie daktari kama anameza omeprazoli, maana huweza kuwaficha bakteria wasionekane.

Kisa cha pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Hizi hudhoofisha utando unaolinda tumbo. Huyu baba wa mtaa wetu alikuwa akijenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mkono wa pili. Lakini aliyepewa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa shauri lake mwenyewe. Na amwulize daktari kwanza.

Sasa yafaa tukumbuke kanuni chache. Aliyejinunulia omeprazoli asipitishe siku 14 pasipo kuonana na mganga. Mwenye kidonda, mara nyingi daktari humpa muda wa wiki 4 hata 8. Wako wanaopaswa kuitumia muda mrefu zaidi, nao wasiogope, bali wafuatwe na daktari. Kwa maana miaka mingi ya dawa hiyo yaweza kupunguza vitamini B12 na magnesiamu mwilini, na huenda ikadhoofisha mifupa. Aliyeitumia muda mrefu akiacha ghafula, asidi yaweza kurudi kwa nguvu. Basi aulize namna ya kupunguza kidogo kidogo.

Vidonge vya magnesiamu navyo visichanganywe ovyo na dawa nyingine. Huzuia vidonge vya damu wanavyopewa wajawazito, na baadhi ya antibiotiki, visiingie mwilini sawasawa. Mwenye kutumia dolutegraviri aimeze saa 2 kabla ya magnesiamu, au saa 6 baada yake.

Tumewaona pia wazee wakikoroga magadi katika maji ili kutuliza kiungulia. Desturi hiyo si njema. Magadi yana chumvichumvi iongezayo shinikizo la damu, tena yana floridi, na maji ya pande za Meru yana floridi ya kutosha, kama meno ya wengi wetu yanavyoshuhudia.

Mwisho, ziko dalili ambazo hazingoji dawa ya duka. Mtu akitapika damu, au matapishi kama machicha ya kahawa. Choo kikiwa cheusi kama lami. Tumbo likikaza ghafula kwa maumivu makali. Au kifua kikibana na jasho kumtoka, maumivu yakienda mkononi au tayani, apelekwe hospitalini saa ile ile. Na anayekonda pasipo sababu, au chakula kinamkwama akimeza, asikawie kupimwa. Kansa ya umio, yaani njia ya chakula, ni nyingi katika Afrika ya Mashariki, na vidonge vya asidi haviiponyi. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Enyi baba na mama, chukueni kalamu leo. Juu ya kila pakiti ya dawa ya tumbo iliyomo nyumbani andikeni siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Siku ya mwisho ikifika na maumivu yangalipo, msirudi dukani, nendeni hospitalini. Nanyi walimu, wasomeeni haya wasiojua kusoma.