Kipimo Kwanza, Sifa Baadaye

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alinikatiza katikati ya somo la fizikia. Nilikuwa nimechora ubaoni mche wa kioo, nikieleza kwamba mwale wa mwanga uliomo ndani ya kioo ukiufikia ukingo kwa mlazo wa kutosha, hautoki nje. Hurejea ndani wote. Kijana yule akainua mkono na kuuliza, "Mwalimu, mtihani ukishapita, pembe hii itamfaa nani?" Wenzake wakaangua kicheko. Nami, kwa kuona kipindi kinayoyoma, nilimjibu kwamba imo katika silabasi, nikaendelea kuandika.

Jibu hilo hunitia haya hadi leo. Waama, pembe ile ile ndiyo inayotumiwa katika maabara kuzisaili dawa za kisasa kabla hazijaingizwa katika damu ya mwanadamu. Nashikilia kwamba kusaili huko kuna thamani kuliko sifa zote tunazozisoma kuhusu dawa hizo, na kwamba ni wajibu wa shule kumfunza mtoto kuyatofautisha mambo hayo mawili.

Dawa ninazozikusudia ni zile zinazobebwa na chembe ndogo mno, ambazo hupimwa kwa nanomita. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ukizipanga chembe 10,000 zenye upana wa nanomita 100 katika mstari mmoja, mstari huo utakuwa na urefu wa milimita moja tu.

Asidhani msomaji kwamba hizi ni hadithi za ng'ambo. Kala-azar, maradhi yaenezwayo na usubi, huwaandama watu wa Baringo, Turkana na Pokot Magharibi. Vimelea vyake hujificha katika wengu, ini na uboho, na mgonjwa asiyetibiwa aghalabu hufa. Ipo dawa iitwayo amfoterisini B inayoviua vimelea hivyo, lakini huweza kuziumiza vibaya figo za mgonjwa. Dawa hiyo ikitiwa katika utando wa liposomu, yaani viputo vidogo vya mafuta ambavyo Mwingereza Alec Bangham alivieleza katika miaka ya 1960, madhara yake kwa figo hupungua sana. Isitoshe, viputo hivyo humezwa na seli za ini na wengu, ambamo vimelea vimejificha. Katika Afrika Mashariki dawa hii hutumiwa hasa kwa wagonjwa mahututi na akina mama wajawazito. Kwao, chembe hizi ni suala la uhai na mauti.

Lakini mafanikio hayo yasitulevye. Tumezoea kusoma kwamba dawa za aina hii huenda moja kwa moja zinakotakiwa, mithili ya barua yenye anwani. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto, Canada, walichapisha uchambuzi wa tafiti za miaka kumi zilizofanywa juu ya wanyama wenye uvimbe wa saratani. Waligundua kwamba, kwa kipimo cha kati, ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa iliyofika katika uvimbe. Kati ya barua 1,000, zilizofika ni saba!

Sababu ni nyingi, ila moja inahusu somo letu. Chembe ikiingia katika damu haibaki ilivyotoka maabarani. Papo hapo protini za damu huigandama na kuivisha koti. Tangu hapo mwili hauioni chembe tuliyoitengeneza. Huliona koti lake. Koti moja huweza kuifanya inaswe na ini mapema. Jingine huweza kuiacha izunguke kwa muda mrefu. Ni nani basi atakayetuambia imevaa koti gani, na kwa muda gani?

Mwanga ndio utakaotuambia. Mwalimu mwenzangu, chukua bilauri ya kioo iliyojaa maji, ishike mkononi, kisha utazame kwa mlazo kutoka juu, kupitia majini, mpaka ukutani mwake. Ukuta huo utang'aa kama fedha. Sasa bonyeza nje kwa kidole chenye unyevu: mistari ya kidole itajitokeza waziwazi. Mwanga ule unaorejea ndani hufika nje ya kioo kwa kina kidogo mno, ukahisi kilichogusa pale.

Kihisi ninachokizungumzia ni bilauri hiyo iliyotiwa adabu ya kisayansi. Uso wa kioo hupakwa dhahabu yenye unene wa nanomita 50 hivi. Kwa pembe moja mahsusi, nishati ya mwanga huchukuliwa na elektroni za dhahabu, na mwanga unaorejea hufifia ghafla. Kitu chochote kikinata upande wa pili wa dhahabu, pembe hiyo husogea. Njia hiyo ilielezwa na wanafizikia wa Ujerumani mwaka 1968; mwaka 1983 watafiti wa Linköping, Sweden, wakaonyesha kwamba inaweza kutambua protini zikishikana.

Hebu tazama kazi yake. Mwaka 2007 watafiti wa Lund na Dublin waliziunganisha chembe za polima na uso wa dhahabu, kisha wakapitisha protini za damu juu yake. Protini ziliponata, mstari wa kipimo ulipanda, zilipobanduka, ulishuka. Wakabaini kwamba albumini, iliyo nyingi katika damu, huja haraka na kuondoka haraka, ilhali protini nyingine iliyo adimu zaidi, inayohusika na kubeba mafuta, hukawia kuondoka. Kumbe anayetangulia kufika siye lazima abakie! Hayo yasingejulikana kwa kukisia.

Naam, kihisi hiki nacho kina mipaka. Mfereji wa maabara si mshipa wa mtu, na mwanga ule huhisi umbali wa nanomita mia chache tu kutoka kwenye dhahabu. Chembe iliyofaulu hapo bado haina budi kujaribiwa kwa wanyama, na hatimaye kwa watu waliokubali kwa hiari. Lakini iliyoshindwa hapo imetuepushia hasara, na pengine maafa.

Kuna watakaoniambia kwamba shule isiyo na chaki za kutosha haina haja na mazungumzo ya dhahabu na nanomita. Nawaelewa, kwani nimefundisha katika shule za namna hiyo. Hata hivyo, bilauri ya maji haihitaji bajeti ya serikali. Tunachokosa ni mazoea ya kuzikutanisha sura za vitabu vyetu. Mwalimu wa fizikia hufundisha pembe, wa kemia hufundisha mafuta na maji, wa biolojia hufundisha damu, na mwanafunzi huachwa akidhani kwamba hizo ni dunia tatu. Waalimu hao watatu na waketi pamoja japo kipindi kimoja kwa muhula, mbele ya darasa moja.

Nawe mwanafunzi, siku utakaposikia dawa ikisifiwa, iwe imetoka ng'ambo au imechemshwa kijijini, uliza kwa adabu: imepimwaje, na kipimo hicho kina mipaka gani? Swali hilo ni kinga kwako na kwa jamaa yako.

Ama kijana yule aliyenikatiza, popote alipo, namwomba radhi. Pembe ile huenda ikamfaa mtoto wa Baringo aliyelala akiungua kwa homa. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa.