Mzee Aendelee Kuunda Garimoshi, Lakini Dirisha Lifunguliwe

Mwaka jana alikuja katika kliniki yangu mzee mmoja, mstaafu wa reli, akilalamikia kikohozi na kubanwa kifua hasa nyakati za usiku. Hakuwa mvutaji wa sigara. Nilimpima, nikamwandikia dawa ya pumu, akaenda zake. Baada ya wiki tatu alirudi akiwa vile vile. Ndipo nilipomwuliza swali ambalo ningalimwuliza siku ya kwanza: "Mzee, jioni ukiwa nyumbani unafanya kazi gani?"

"Naunda garimoshi, daktari," akanijibu.

Hakuwa akitania. Anaunda mfano wa injini ya Garratt ya daraja la 59. Injini hizo 34 zilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock mjini Manchester mnamo 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mojawapo, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli jijini Nairobi, na huko ndiko mzee alikokwenda na futi yake. Injini yenyewe ina urefu wa zaidi ya mita 31. Akigawanya kila kipimo kwa 87, anapata kitu cha sentimita 36 hivi.

Magurudumu na mota amenunua. Mengine yote huyakata mwenyewe kwa msumeno mwembamba kutoka kwa bati la shaba ya manjano. Vichwa vya ribiti huvitokeza kwa kubonyeza ncha ya sindano upande wa nyuma, kimoja kimoja. Kisha huunganisha vipande kwa lehemu.

Hapo ndipo penye kisa. Ndani ya waya wa lehemu mna utomvu wa msonobari, unaosaidia lehemu kushika. Ukichomwa hutoa moshi unaoweza kuleta pumu, na kifua kikishazoea kuukataa, hata moshi kidogo hukibana. Mzee alikuwa akifunga madirisha kila jioni kwa sababu ya mbu.

Mwanawe aliyemleta alikata shauri papo hapo: takataka hizo zitupwe. Nilimpinga, na ningali na maoni hayo. Nimewaona wastaafu wengi wa mjini waliokatazwa kila kitu kwa jina la afya, wakabaki na kiti na televisheni. Kukaa bure nako kuna maradhi yake. Mtu aliye na ribiti za kuhesabu kesho ana sababu ya kuamka.

Kilichonitia hofu zaidi ni mjukuu wa miaka minne anayeketi karibu naye akimpa koleo. Lehemu ya kawaida ina risasi. Kwa joto la kulehemu risasi haigeuki mvuke wa kutisha. Hatari ni kwamba hubaki vidoleni na mezani, kisha huingia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, nayo hudhuru zaidi ubongo wa mtoto. Tulimpima mtoto damu. Risasi ilikuwamo; kidogo, lakini ilikuwamo.

Mzee alihamia kibarazani. Sasa anatumia lehemu isiyo na risasi, na kwa kuwa hiyo nayo hutoa moshi, ameweka feni ndogo ya kuusukuma mbali naye. Meza hufutwa kwa kitambaa chenye maji, haifagiliwi. Hali wala hanywi chai hapo, hunawa kwa sabuni, na huvaa miwani anapokata shaba. Mjukuu hutazama akiwa mlangoni. Kifua kimetulia, na kipimo cha pili cha mtoto kilikuwa kimeshuka.

Fundi wa redio katika kibanda chake huvuta moshi huo huo kutwa nzima. Sisi madaktari tuulize mikono ya mgonjwa hufanya nini kabla ya kuandika dawa. Nanyi wenye wazee nyumbani, msikimbilie kuwanyang'anya kazi ya mikono yao. Fungueni dirisha kwanza.

Injini sasa inangoja kupakwa rangi ya damu ya mzee. Nimemwambia akaipakie nje.