Ardhi Iliyoganda Yadai Istilahi

Katika visiwa vya Svalbard, Norwei, jua la kiangazi halitui kwa takriban miezi minne. Wanafunzi wa kituo cha elimu ya juu kilichoanzishwa huko mwaka 1993 hufunzwa kwanza kutumia bunduki, kwa kuhofia dubu weupe, ndipo waandamane na wanasayansi nyikani kupima kina cha udongo ulioyeyuka. Chini yake ardhi imeganda tangu kale. Ikiyeyuka, mabaki ya mimea huoza na kutoa gesi ziongezazo joto la dunia nzima, Kenya ikiwemo.

Nikiieleza ardhi hiyo darasani, nalazimika kutumia sentensi nzima mahali pa neno moja. Wanaisimu wenzangu, tuunde istilahi sasa. Mwanafunzi asiyeweza kulitaja jambo kwa lugha yake atalijadilije?