Kinachomchosha mwalimu wa elimu maalum si watoto, ni ofisi

Ingia shule ya msingi yenye kitengo maalum uulize kiko wapi. Mara nyingi utaelekezwa kule nyuma, karibu na stoo. Huko utampata mwalimu mmoja na watoto wa kila aina: huyu ana usonji, yule ana mtindio wa ubongo, mwingine hasemi lakini anaelewa kila kitu.

Watu humwonea huruma wakidhani watoto ndio wanaomchosha. Wapi! Kazi hiyo angeimudu kama mwalimu mkuu angekuwa upande wake.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza uchovu huu kuwa matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Nguvu zinaisha, moyo unajitenga na kazi, mtu anaona hafanyi la maana. Sasa, nani alipaswa kuushughulikia?

Ratiba hupangwa ofisini. Mwalimu wa darasa la kawaida akikosa kuja, anayeitwa kushika darasa lake ni yule wa kitengo, eti kwa sababu "watoto wako ni wachache". Wachache ndio, lakini mmoja anaweza kuhitaji kulishwa, kubadilishwa nguo na kufundishwa ndani ya kipindi kimoja. Tena kila mmoja anatakiwa kuwa na mpango wake binafsi wa masomo. Huo mwalimu huuandika usiku, nyumbani kwake.

Sitawalaumu wakuu wote. Wengi hawakusomea elimu maalum, na shule husifiwa kwa alama za mtihani, si kwa mtoto aliyejifunza kufunga vifungo vya shati akiwa na miaka 11. Ila kuna mambo yasiyohitaji bajeti: kupitia kitengoni kila wiki, kuwajua watoto kwa majina, kumkabili mzazi mkali badala ya kumwachia mwalimu. Kuajiri msaidizi wa darasa kunahitaji pesa, sawa, lakini hata hilo halitafika kwenye bodi ya shule kama mkuu hataki kulitaja.

Sera ya serikali ya 2018 inataka wanafunzi wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao, na vijana wanaendelea kusomea kazi hii KISE, pale Kasarani, na kwenye vyuo vikuu. Wakichoka hawaandamani. Huomba tu kurudi darasa la kawaida. Mtoto aliyechukua mihula miwili kumzoea mwalimu huanza upya na mgeni, kama huyo mgeni atapatikana.