Seva Isijaribiwe kwa Ombi Moja

Wapo walimu wa kompyuta wanaofundisha utungaji wa seva kwa lugha ya Rust, ambao humpa mwanafunzi alama zote mara seva yake inapojibu ombi moja sawasawa. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Sasa naona desturi hiyo yampumbaza mwanafunzi, kwani seva iliyokusudiwa kuhudumia wengi kwa pamoja haijulikani ubora wake kwa mgeni mmoja.

Mpishi aliyeteleka maharage hasimami kuyakodolea macho mpaka yaive. Huenda akakata vitunguu. Ndiyo maana ya neno «await», lililothibitishwa katika Rust toleo la 1.39, mwaka 2019: shughuli inayongojea huuachia uzi wa utendaji uhudumie shughuli nyingine. Rust yenyewe haina mwendeshaji wa shughuli hizo, na aghalabu hutumiwa maktaba iitwayo Tokio. Basi mwanafunzi akitumia amri ya kulala ya maktaba ya kawaida badala ya ile ya Tokio, uzi mzima hulala. Kompaila, iliyo kali mno juu ya umiliki wa kumbukumbu, na ambayo humwonya hata aliyesahau «await», kosa hili hulipitisha kimya.

Tena hata maombi mawili huenda yasilifichue. Tokio kwa kawaida hufungua nyuzi sawa na idadi ya viini vya prosesa. Penye viini 8, kila ombi laweza kupata uzi wake, na mwanafunzi akaondoka akifurahi. Kwa bahati njema, majaribio ya Tokio huendeshwa kwa uzi mmoja yasipoagizwa vinginevyo. Na tuyatumie. Seva ifunguliwe ndani ya jaribio kwa mlango namba 0, ili mfumo wa kompyuta uchague wenyewe mlango ulio wazi. Kila ombi lisubirishwe sekunde 2. Maombi mawili yapelekwe kwa pamoja. Seva njema humaliza kwa sekunde 2 na ushei. Mbovu huchukua 4.

Huenda ikasemwa kwamba vipindi havitoshi. Ni kweli. Mimi ningepunguza somo la kupanga anwani, ambalo mwanafunzi aweza kujisomea, nipate kipindi kimoja ambamo kila mmoja ataandika ubaoni, kabla ya jaribio, sekunde anazozitarajia, kisha saa iwaamue.